Nimekuta Dawa za Virusi Mkobani mwa Mume Wangu, na Saa Zinakwenda

Barua ifuatayo ilitufikia kwa simu asubuhi ya Jumamosi kutoka kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Kwa kuwa jambo lenyewe halikuweza kungoja siku ya kuchapishwa kwa safu hii, mwandishi wake alijibiwa papo hapo. Kwa ridhaa yake tunaichapisha barua pamoja na jibu, tukiwa tumeondoa yanayoweza kumtambulisha na kuongeza aya moja kwa ajili ya wasomaji wengine.

Barua

Assalaam alaykum mama,

Baada ya salamu, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani huku mtoto amelala, kwa maana sina mwingine ninayeweza kumfunulia jambo hili. Nina umri wa miaka 26, nimeolewa kwa miaka minne, na nina mtoto wa kike wa miezi saba ambaye bado ananyonya. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili hivi. Safari hii alifika Alhamisi jioni, na usiku ule, yapata saa nne, tulilala pamoja kama mume na mke bila ya kinga yoyote, kwani hatujawahi kuitumia.

Jana alasiri, yeye akiwa msikitini, niliufungua mkoba wake ili nitoe nguo za kufua. Ndani ya kikoi kilichoviringwa nikakuta chupa kubwa nyeupe iliyoandikwa kwamba ina vidonge 90, na vilivyobaki vilikuwa kama nusu. Majina ya dawa yalikuwa tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Niliyatafuta kwenye simu, nikaona kwamba ni dawa za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Niliirudisha chupa kama nilivyoikuta, na usiku nikamwambia kwamba tumbo linaniuma, nikalala na mtoto.

Nilipokuwa mjamzito nilipimwa kliniki nikaambiwa sina virusi. Tangu nijifungue mume wangu amekuja nyumbani mara kadhaa, na mara ya mwisho kabla ya hii ilikuwa miezi miwili iliyopita.

Nimesoma kwamba kuna dawa ya kuzuia maambukizi ikiwa itamezwa ndani ya siku tatu. Faza si mbali nami, lakini binamu yake mume wangu anafanya kazi pale hospitalini, na kisiwani petu habari haikai ndani. Nimefikiri ningoje Jumatatu alfajiri nipande boti niende Lamu mjini, ambako hakuna anijuaye. Je, nitakuwa nimechelewa? Au nimeze vidonge vyake kwa siri, maana naona ni dawa zilezile? Je, zitamdhuru mtoto kupitia maziwa? Ramadhani nayo imekaribia, nikifunga itakuwaje? Na huyu mume wangu, nimwambie kwamba nimejua au ninyamaze? Nampenda, mama, na ndiyo maana naumia kiasi hiki.

Mama wa Mtoto Mchanga, Pate

Jibu

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Usilisome jibu hili hadi mwisho kabla ya kutoka nyumbani. Mbebe mtoto, sema kwamba lile tumbo ulilolalamikia jana halijatulia, na uende hospitali ya Faza sasa hivi. Leo ni Jumamosi, na huenda kliniki ya ARV, yaani ya dawa za kufubaza virusi, imefungwa, kwa hiyo usirudi nyumbani kwa kuukuta mlango wake una kufuli, nenda sehemu ya wagonjwa wa dharura, uombe kuonana na mganga wa zamu faraghani, kisha umwambie hivi: "Nimekutana na hatari ya kuambukizwa VVU usiku wa Alhamisi saa nne, na ninahitaji pep." Hilo ndilo jina la ile dawa ya kuzuia maambukizi uliyosoma habari zake, nalo wahudumu wote wanalifahamu. Taja siku na saa kwa ukamilifu, kwa sababu sisi watu wa pwani usiku ule tunauita usiku wa Ijumaa, na mhudumu aliyetoka bara anaweza kukosea hesabu kwa siku nzima. Mengine yaliyomo humu utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Sasa nikueleze kwa nini nakuharakisha namna hii. Tangu Alhamisi saa nne ya usiku hadi ulipoandika, saa mbili asubuhi ya leo, zimepita saa 34. Saa 72 zitatimia kesho Jumapili saa nne ya usiku, na boti ya Jumatatu alfajiri itakukuta umeshavuka mpaka huo, hata kama maji yatakuwa yamejaa na nahodha hakuchelewa. Lakini hata huo mpaka wa saa 72 usiufanye kuwa ruhusa ya kungoja. Ni kikomo ambacho baada yake wahudumu kwa kawaida hawaanzishi tena dawa hii, kwa kuwa matumaini ya kufaulu yamekwisha kuwa madogo mno, na kila saa inayotangulia kikomo hicho ina thamani kuliko inayoifuata. Anayeanza leo asubuhi yuko mahali bora kuliko atakayeanza leo usiku.

Sababu yenyewe imo katika mwenendo wa kirusi. Kinapoingia mwilini kwa njia ya tendo la ndoa hakisambai mara moja. Kwanza hushika chembe chache pale kilipoingilia, kisha katika siku chache husafirishwa hadi kwenye tezi, ambako hukuta chembe nyingi za kinga na kuanza kuzaana kwa wingi. Ndani ya kila chembe kinachoivamia, kirusi hunakili asili yake na kuipachika ile nakala katika vinasaba vya chembe hiyo, na kikishajipachika hakuna dawa tuliyo nayo leo inayoweza kukiondoa kwa kawaida. Tenofovir na lamivudine huzuia kule kunakili, na dolutegravir huzuia kule kupachika. Dawa zikiwamo katika damu wakati kirusi bado ni kichache na hakijapata makao, kirusi huzimika pasipo kuacha mzizi. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo ya kima waliochomwa kirusi cha jamii ya VVU na kisha kupewa tenofovir: walioanza ndani ya saa 24 na kuendelea kwa siku 28 walisalimika, ilhali miongoni mwa waliocheleweshwa au waliokatishiwa dawa mapema kulitokea walioambukizwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, uchunguzi juu ya wahudumu wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa ulikuwa umeonyesha kwamba waliomeza zidovudine, dawa moja tu ya zamani, hatari yao ilipungua kwa takribani asilimia 81. Dawa za leo ni bora kuliko ile na ni nyepesi zaidi kwa mwili. Hata hivyo, hakuna mhudumu mkweli atakayekuahidi asilimia mia, na ndiyo maana kuna vipimo vya baadaye nitakavyovitaja.

Kuhusu binamu yake mume wako, naielewa hofu yako, wala siichukulii kuwa jambo dogo, kwa maana nimewaona wanawake waliopoteza afya zao kwa kuogopa macho ya jirani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti UKIMWI inamkataza mhudumu kutoa habari za kipimo cha mtu bila ya idhini yake, na una haki ya kusema kwamba hutaki kuhudumiwa na fulani kwa sababu mna ujamaa. Huna haja ya kulitaja jina la mume wako wala kueleza habari zako kwenye dirisha la kuandikishia. Sema una shida ya kike, na uhifadhi maelezo kwa ajili ya chumba cha daktari. Ukishameza kidonge cha kwanza pale Faza, unaweza kuomba ziara zinazofuata uzifanye hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na hapo safari ya boti itakuwa na nafasi yake. Siri yako inaweza kutafutiwa njia wiki nzima ijayo, lakini hizi saa haziwezi.

Vile vidonge vya mume wako usiviguse. Ni kweli kwamba dawa hizo tatu katika kidonge kimoja ndizo ambazo kwa kawaida hutolewa hapa kwetu kwa dharura kama yako, na naona jinsi wazo hilo linavyovutia kwa mtu aliyejifungia chumbani. Lakini kwanza, kila kidonge utakachokichukua kinamkatizia yeye dozi, naye akikatiza dozi virusi vyake vinaweza kupanda tena na hatari yako ikaongezeka. Pili, tenofovir hupitia kwenye figo, na mhudumu hutaka kujua hali ya figo zako. Tatu, dawa hizi hugusa pia homa ya ini aina ya B. Mwenye ugonjwa huo bila ya kujua, akimeza kisha akaacha, ini lake linaweza kuchafuka vibaya. Na nne, ambalo kwako ni kubwa kuliko yote, ni lazima upimwe VVU kabla ya kuendelea, kwa sababu dharura ya Alhamisi si mara yako ya kwanza kulala na mume wako.

Hapo nataka unielewe vizuri, kwa maana ndipo penye uzito. Dawa ya dharura inakinga tukio la Alhamisi tu. Yale ya miezi iliyopita haiwezi kuyarudia. Kipimo cha leo ndicho kitakachosema juu ya hayo. Kikionyesha huna virusi, utaendelea na siku 28. Kikionyesha unavyo, hutapewa dawa ya mwezi mmoja bali utaanzishiwa matibabu ya kudumu, na mtoto atapimwa kwa kipimo maalumu kinachotafuta kirusi chenyewe katika damu, kisha apewe dawa zake. Najua sentensi hiyo inatisha ukiisoma peke yako. Lakini mtoto wa miezi saba ambaye hali yake imejulikana leo anaweza kukingwa au kutibiwa mapema, na ni kutojua ndiko kunakomwacha bila ulinzi.

Usihukumu kabla ya kupima, kwa sababu kuna jambo katika barua yako ambalo limenipa matumaini. Umesema chupa ni ya vidonge 90 na imebaki nusu. Hiyo ni chupa ambayo kliniki humpa mtu anayeendelea na matibabu, na kupungua kwake kunaelekea kuonyesha kwamba anazimeza. Mtu anayeishi na VVU ambaye amemeza dawa bila kukatiza, hata virusi vyake vikapungua kiasi cha kutoonekana katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo halisemwi kwa kufarijiana. Katika utafiti uliofanywa Ulaya na kutangazwa mwaka 2016, wenzi ambao mmoja ana virusi vilivyofubazwa na mwingine hana waliripoti kuingiliana takribani mara 58,000 bila kondomu, na hakuna hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenzi hadi kwa mwenzake. Basi huenda mume wako, pamoja na kosa kubwa la kukuficha, amekuwa akikukinga kwa kidonge chake cha kila siku. Lakini "huenda" haitoshi kwako asubuhi ya leo, kwa kuwa hujui alianza lini wala kipimo chake cha mwisho kilisema nini, na asiyejua hali ya virusi vya mwenzake huanza dawa kwanza, maswali yakafuata. Ikithibitika baadaye kwamba virusi vyake vilikuwa havionekani, mhudumu anaweza kuamua kuisimamisha. Hutakuwa umepoteza kitu.

Mtoto mnyonyeshe kama kawaida unapongoja maelekezo ya mhudumu, na umwambie tangu mwanzo kwamba unanyonyesha. Dawa hizi hutumiwa na akina mama wengi wanaoishi na VVU wakati wa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, na kiasi kinachopita katika maziwa ni kidogo. Kuna uwezekano wa kuhisi kichefuchefu, kuumwa na kichwa au kukosa usingizi katika wiki ya kwanza. Kwa walio wengi hali hiyo hupoa yenyewe, na kumeza pamoja na chakula husaidia. Ukitokwa na vipele mwili mzima, macho yakageuka manjano au ukatapika bila kukoma, rudi hospitali bila kungoja siku ya miadi. Iwapo unameza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, au dawa ya kiungulia, sema. Madini yaliyomo hushikana na dolutegravir tumboni na kuipunguzia nguvu. Vidonge vya damu unaweza kuvimeza pamoja na dawa hii wakati wa kula, au kuitanguliza dawa kwa saa mbili, lakini dawa ya kiungulia isimezwe ndani ya saa mbili baada yake wala saa sita kabla yake.

Ama Ramadhani, isikutie wasiwasi. Kidonge ni kimoja kwa siku. Cha kwanza umeze hapohapo hospitalini, halafu upange na mhudumu saa ya usiku utakayoweza kuishika siku zote, iwe baada ya futari au baada ya sala ya isha, na mfungo ukiingia hutakuwa na la kubadilisha. Kama mwili utakulemea kwa kunyonyesha na kufunga pamoja, unajua kwamba dini yetu imemfungulia mlango mama anyonyeshaye. Linaloharibu dawa hii ni kuikatiza. Watu huanza kwa hofu, na hofu ikishapoa katika wiki ya pili, huacha vidonge kumi au kumi na tano ndani ya kopo. Siku 28 ni siku 28, na ukisahau kidonge kimeze mara ukumbukapo siku ileile, bila kumeza viwili kwa pamoja siku inayofuata.

Sasa mume wako. Leo usimkabili. Kwanza kwa sababu mazungumzo hayo yatakula saa ambazo huna, na pili kwa sababu simjui, nami siwezi kukutuma kwake bila ya kujua atapokeaje. Kama umewahi kuona mkono wake ukiinuka, mwambie mhudumu hilo kabla ya jambo lolote, naye atakushauri jinsi ya kuendelea salama. Ikiwa ni mtu mpole, kama ninavyohisi kutokana na jinsi unavyomtaja, ngoja umeze kidonge cha kwanza na moyo utulie, kisha umwite faraghani umwambie uliyoyaona pasipo kumshambulia: kwamba uliikuta chupa, kwamba umekwenda hospitali, na kwamba unataka muende pamoja ili kipimo chake cha kiwango cha virusi kijulikane. Wahudumu wamezoea kuwasaidia wenzi katika mazungumzo hayo, na mara nyingi mwanamume aliyeificha chupa ndani ya kikoi kwa miezi mingi hupumua pale anapokuta hahitaji kuificha tena. Nasema hivi bila kumtakasa. Ulikuwa na haki ya kujua, na alikunyima haki hiyo katika jambo linalogusa uhai wako na wa mtoto wenu. Hasira yako ni ya haki, na itakuwa bado ipo wiki ijayo mtakapoizungumza. Hadi hapo itakapojulikana hali yake, na hadi vipimo vyako vikamilike, mtumie kondomu kila mara au mjizuie.

Kwa wasomaji wengine, saa hizi 72 si za mke wa mtu peke yake. Ni zilezile kwa aliyepasukiwa na kondomu, kwa aliyetumia sindano ya mwenzake, kwa mfanyakazi aliyechomwa na sindano iliyotupwa katika taka, na kwa aliyebakwa. Huyu wa mwisho aende hospitali kwanza, asitangulize kituo cha polisi wala kikao cha wazee, na ikiwezekana asioge wala kubadili nguo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imempa haki ya matibabu, na pamoja na dawa ya kuzuia VVU anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba, ambayo hufanya kazi hadi saa 120, ingawa nayo ni bora imezwe mapema. Malindi na Lamu kuna hospitali za umma zinazotoa huduma hii, na dawa yenyewe hailipiwi. Anayehitaji msaada baada ya ukatili wa kijinsia anaweza kupiga simu bila malipo nambari 1195.

Kwako, mwanangu, baki na miadi miwili akilini. Ule wa kwanza ni wa siku ya 28, vidonge vitakapokwisha. Usiende nyumbani siku hiyo bila ya kupimwa na bila ya kuzungumza juu ya prep, yaani dawa ambayo mtu asiye na virusi humeza kila siku kabla ya hatari, na ambayo Kenya iliianza katika huduma zake za umma mwaka 2017. Ikiwa virusi vya mume wako bado vinaonekana, au kama atakataa kupimwa, utahamia kwenye prep siku ileile pasipo kuacha pengo. Ikiwa havionekani na anaendelea kumeza, mhudumu atakueleza kama unaihitaji. Wa pili ni kipimo cha miezi mitatu baada ya tukio, ambacho ndicho kitakachofunga swali la Alhamisi. Mumeo akiwa Mombasa wakati huo, usimngoje. Nenda na mtoto, na kadi yake ya kliniki uibebe ili wamwangalie pia.